Dobi Hataki Kuanika Tena

Siku aliyostaafu, Dobi alivua aproni yake ya mpira, akaikunja, akaiweka juu ya ile mashine kubwa ya kukaushia ambayo haikuwa imekausha kitu tangu enzi za mganga mkuu aliyepita. Kisha akawaambia wenzake: "Kuanzia leo, mtu akiniona nimeanika hata leso, anishike mkono anirudishe hapahapa, ila anipeleke wodi ya akili."

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, maana hakuwa anatania.

Kufua hakukumchosha. Kufua ni mashine, inanguruma na wewe umekaa. Kilichommaliza mgongo ni kuanika. Mashuka ya hospitali nzima, mazito kama maiti yakiwa mabichi, anayabeba kwenda uani, anayatandaza kwenye kamba, anayabana. Jua linasogea, kivuli cha jengo la ghorofa kinaanza kutambaa juu ya mashuka, anayahamisha. Wingu linatokea, anayaingiza. Wingu linapita, anayatoa. Maisha yake yote ya kazi alikimbizana na jua kama mama anayemkimbiza mtoto wa kwanza, na jua halikuwahi hata siku moja kumwambia asante.

Pamoja na mgongo mbovu, kazi ile ilimwachia dharau. Wengine huzeeka na kisukari, Dobi alizeeka na dharau, nayo haikuwa na dawa. Mtu aliyefua makoti ya madaktari kwa muda mrefu anajua nani hufuta mafuta ya vitumbua mfukoni na nani huvaa koti lilelile wiki nzima kisha anawahubiria wagonjwa usafi. Aliwadharau madaktari, akawadharau wauguzi waliowaogopa madaktari, akawadharau wagonjwa waliowaamini wote hao. Wahasibu hakuwadharau, alisema dharau nayo ina kiwango chake, huwezi kuitupia kila kitu.

Hospitali ilipopiga mnada gari lake kuukuu la wagonjwa, Dobi alikwenda akalinunua. Watu waliguna. Mjane, watoto wameshajitegemea, badala ya kuweka vigae nyumbani anakwenda kununua gari lililobeba watu wakifa! Yeye aliwajibu kwamba hata vitanda wanavyolalia walinunua bila kuuliza nani alifia juu yake. Leseni alikuwa nayo tangu ujana, alipokuwa akipeleka mashuka kwenye zahanati za pembeni. Na hamu yake ilikuwa moja tu: kuamka mahali ambapo akifungua mlango haoni kamba ya nguo.

Seremala alimtolea machela, akamwekea kitanda chenye droo chini, kimeza cha kukunja na rafu zenye ukingo ili vikombe visidondoke. Akanunua friji ndogo, feni, na taa mbili. Kikabaki kitu kimoja, umeme. Na hapo ndipo alipoingia shemeji yake.

Shemeji huyu alikuwa mume wa mdogo wake Dobi, yule wa mwisho kuzaliwa, ambaye ukoo mzima ulimwita Kitinda hata baada ya yeye mwenyewe kupata wajukuu. Mumewe alikuwa amestaafu kazi ya kukagua mizani madukani, na kwa kuwa hakuwa tena na mizani ya kukagua, alikagua watu. Kila sentensi yake ilianza na "kwa mujibu wa". Kwa mujibu wa wataalamu. Kwa mujibu wa utafiti. Kwa mujibu wa video moja niliyoitazama. Dobi alimbandika jina la Kwa Mujibu zamani za uchumba, likamganda, hadi watoto wake mwenyewe walilitumia akiwa hayupo.

Jumapili moja walikuwa sebuleni kwa Kitinda. Kwa Mujibu alikuwa kwenye kiti chake, kile ambacho wageni hawakikalii, miguu juu ya stuli. Kitinda alikuwa akiingia na kutoka na sinia.

"Shemeji," Kwa Mujibu alianza, "nimesikia unataka kuweka sola kwenye lile gari."

"Umesikia vizuri."

"Usipigilie paneli kwenye paa. Kwa mujibu wa wataalamu, paneli ya paa inalala chali. Jua likiwa upande, inaambulia makombo. Ukiegesha kivulini haipati kitu. Ukiegesha juani inapata, lakini wewe ndani unaiva. Nunua ya kukunja. Gari kivulini, paneli juani, unaielekeza unavyotaka. Kitinda, maji."

Kitinda aliyekuwa ndiyo kwanza anakaa, akanyanyuka.

Dobi alimtazama shemeji yake kama mtu anavyotazama doa ambalo anajua halitatoka. Kilichomkera si kwamba alikuwa anasema uongo. Kilichomkera ni kwamba alikuwa anasema kweli. Mtu mjinga akisema upumbavu unacheka, mambo yanaisha. Lakini mtu usiyempenda akisema jambo la maana ni kama kukuta jiwe kwenye wali: huwezi kumeza, na kutema mbele za watu ni aibu.

"Nitafikiria," akasema, na kwa Dobi neno hilo lilikuwa na maana ya hapana.

Kesho yake alikwenda dukani. Muuzaji, bwana mmoja mwenye tai fupi iliyoishia juu ya kitovu, alimpokea kwa bashasha na kumwonyesha zote mbili. Ile ya paa ilikuwa kipande kigumu kama mlango. Ile ya kukunja ilikuwa na mikono kama ya mkoba, ukiifungua inatanda mikunjo mitatu, na nyuma ina miguu ya kuisimamisha.

"Hii ya kukunja, mama, ndiyo wanayoitaka watu wa kambi siku hizi. Unaifungua, unaielekeza kwenye jua."

"Halafu?"

"Halafu jua likihama, unaihamisha."

"Halafu?"

"Jioni unaikunja, unaiweka ndani."

"Na mvua ikitaka kunyesha?"

"Hapo unaiwahi kabla waya hazijalowa. Ikikatika unaitoa tena."

Dobi alishusha pumzi ndefu. "Bwana," akasema, "hiyo si paneli. Hilo ni shuka."

Muuzaji hakuelewa, naye Dobi hakumweleza. Lakini alikuwa na sababu ya pili ambayo hakumwambia mtu, na ambayo ilikuwa na uzito kuliko ya kwanza. Katika ukoo wao, kitu kinachobebeka ni kitu kinachoazimwa. Ngazi yake ilikuwa kwa Kwa Mujibu. Pasi yake ya mvuke ilikwenda kwa Kwa Mujibu "kwa siku mbili tu", na sasa ilikuwa na umri wa kuanza shule. Umeme ukikatika mtaani kwao ni nani angekuja kugonga mlango akitaka "ile paneli yako shemeji, jioni tu tutazame mpira"? Alimwona kabisa, amesimama kizingitini na ile suruali yake iliyonyooshwa kwa pasi aliyoiazima. Basi paneli yake ingefungwa kwa bolti. Atakayeitaka abebe na gari.

Fundi aliyekuja kuifunga alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa hilo Dobi alimpenda kiasi. Lakini hawakuwa peke yao. Kwa Mujibu alifika asubuhi na mapema, amevaa kofia, akasimama chini ya ngazi (ngazi ya Dobi, aliyokuja nayo na ambayo alikuwa na nia ya kuondoka nayo) akatoa maelekezo.

"Fundi, kwa mujibu wa kanuni, tundu lolote kwenye paa ni mlango wa mvua."

Fundi akaendelea kutoboa.

"Fundi, hiyo gundi ya kuzuia maji umeisoma maelezo yake?"

Fundi akaendelea kupaka.

"Shemeji, unaona? Hanijibu."

"Ana bahati," Dobi akasema. "Mimi siku zote huwa najibu, na tazama nilipofika."

Kazi ilipoisha na gundi kukauka, Dobi alipanda mwenyewe juu na ndoo, akamwaga maji juu ya paa lote, akashuka, akaingia ndani, akalala kitandani akitazama dari. Haikudondoka hata tone. Alikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nje Kwa Mujibu alikuwa anasubiri kusikia kwamba panavuja, na kumsubirisha kulikuwa na utamu wake.

Safari ya kwanza ilipangwa kwenda uwanja wa kambi kando ya bwawa, mwendo wa saa chache. Dobi alimwomba mdogo wake afuatane naye. Kitinda alisema atamuuliza mume wake. Alipomuuliza, Kwa Mujibu hakukataa. Alifanya jambo baya zaidi. Alisema naye atakuja. Tena alikuwa amekwisha jinunulia paneli yake mwenyewe, ya kukunja, pamoja na betri na friji ndogo, akavipakia kwenye kigari chake kidogo na hema juu. "Tutalinganisha," akasema. "Bila chuki. Kisayansi tu."

Dobi alipoiona ile paneli mpya, jambo lililomuuma ni kwamba mdogo wake alikuwa akiomba kubadilishiwa jiko miaka nenda miaka rudi, na jibu lilikuwa hali ngumu.

Kambi yenyewe ilikuwa nzuri. Miti mirefu pembeni, uwazi wenye majani mafupi katikati, bwawa limetulia chini kama bati jipya, na bafu la pamoja lenye kitasa kinachofunga, jambo ambalo Dobi alilihesabu kuwa ni anasa. Alitaka kuegesha gari katikati ya uwazi, paneli yake inywe jua hadi itapike. Lakini Kitinda alikuwa mtu wa presha, joto humsumbua, na safari nzima alikuwa akijipepea na kifuniko cha boksi.

"Dada, hapa tutaungua," akasema.

Dobi akauma meno, akaliingiza gari chini ya miti. Juu ya paa, madoa ya kivuli yakazagaa kwenye paneli kama ukurutu. Aliwasha kile kisanduku kinachoonyesha chaji, akakitazama, akakizima. Alihisi macho ya shemeji yake mgongoni.

"Sisemi kitu," akasema Kwa Mujibu, ambaye alikuwa amekwisha anza kusema. "Kwa mujibu wa niliyoyaeleza kule sebuleni, hata tawi moja likitia kivuli pembeni, paneli nzima inalegea. Lakini sisemi kitu."

Naye alisimika hema lake kivulini, jirani kabisa, akavuta waya mrefu hadi uwanjani, akaifungua paneli yake na kuisimamisha ikitazama jua. Kisha akafungua kiti cha turubai, akakiweka chini ya mti, akaketi.

Siku ile ya kwanza mambo yalikwenda kama alivyosema. Friji ya Dobi ilikuwa vuguvugu, maziwa yakakatika. Friji ya Kwa Mujibu ilikuwa baridi, soda zikatoka na jasho. Alimletea Dobi moja, kwenye sahani, na kijikaratasi cha kujifutia.

"Karibu shemeji. Baridi hii imetokana na jua."

Dobi aliipokea. Aliinywa yote, kwa sababu alikuwa na kiu, na kila funda lilishuka kama msumari. Alimdharau shemeji yake kwa kuileta, akajidharau kwa kuinywa, akaidharau na soda yenyewe kwa kuwa tamu.

Ni siku ya pili ndipo alipoona. Alikuwa amekaa mlangoni mwa gari, anamenya machungwa, bila nia ya kumchunguza mtu.

"Kitinda!" Kwa Mujibu aliita kutoka kwenye kiti chake, bila kugeuza shingo. "Geuza!"

Kitinda, aliyekuwa anaosha sufuria, alifuta mikono kwenye kanga, akatembea juani hadi kwenye paneli, akaishika kwa pande mbili, akaisogeza.

"Kushoto zaidi. Zaidi. Umezidisha. Rudi. Hapo hapo, usiguse."

Kitinda akarudi kwenye sufuria. Hakuwa amemaliza kuisuuza.

"Kitinda, lile wingu silielewi. Hebu ikunje."

Akaenda, akaikunja. Wingu likapita, kama mawingu yafanyavyo.

"Haya itandaze."

Dobi aliacha kumenya. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alichohisi hakikuwa dharau tu, kilikuwa na moto ndani yake. Alimtazama mdogo wake, mwanamke mtu mzima, bibi wa watu, kifua kinapanda na kushuka, jasho linamtiririka shingoni, anakwenda na kurudi kati ya kivuli na jua. Na pale chini ya mti ameketi bwana mizani, kofia imefunika paji la uso, soda mkononi, anahukumu pembe ya jua. Akamkumbuka msimamizi wa kwanza wa chumba cha kufulia, aliyekuwa akikaa dirishani na filimbi.

"Kitinda! Geu—"

"Geuza mwenyewe!" Dobi alinguruma.

Ndege waliruka bwawani. Kwa Mujibu alishusha soda.

"Shemeji, mimi naongea na mke wangu."

"Nimesikia. Tangu jana nasikia. Huna paneli ya kukunja wewe. Una paneli ya Kitinda. Umeme wako wote unatoka kwenye miguu yake!"

"Hebu tuongee kisayansi. Kwa mujibu wa—"

"Kwa mujibu wa macho yangu, hujanyanyuka kwenye hicho kiti isipokuwa kwenda chooni, na ungeweza kumtuma, ungemtuma!"

Kwa Mujibu akamtazama mke wake, akitegemea labda amtetee. Kitinda alikuwa amesimama katikati ya uwanja, ile paneli nusu imekunjwa mikononi mwake. Aliiweka chini polepole, uso wake ukitazama majani, akatembea hadi kwenye gari la dada yake, akapanda upande wa abiria, akafunga mkanda.

"Twende, Dada," akasema. "Kabla sijabadili mawazo."

Dobi hakuuliza mara mbili. Aliokota kisu, akaacha machungwa, akawasha gari. Kwenye kioo alimwona Kwa Mujibu amesimama, mikono kiunoni, kwanza akilitazama gari, kisha akiitazama paneli yake iliyolala kifudifudi juani. Hatimaye aliinama kuiinua. Aliinama kama mtu anayeokota kitu cha mwingine.

Waliendesha hadi uwanda mmoja mpana ambapo hapakuwa na mti hata wa dawa. Huko Dobi aliegesha katikati ya jua, akazima gari, akatulia kama malkia. Paneli ilikunywa. Ilikuwa imeanza kunywa tangu njiani, jambo ambalo Kwa Mujibu hakulitaja sebuleni hata mara moja. Friji ikanguruma, maji yakawa baridi, feni ikazunguka. Ni kweli kwamba ndani ya gari palikuwa kama tanuri la mkate na feni ilikuwa ikiwapulizia joto kutoka pembe moja kwenda nyingine, lakini walifunga turubai ubavuni mwa gari, wakalowesha vitambaa wakajiwekea kichwani, na Dobi akatangaza kwamba hapo ndipo peponi. Hapana wa kugeuza wala wa kuanika. Kitu kiko juu, kinafanya kazi yake, na wewe umekaa.

Na kweli alikaa. Alikaa akamsimanga Kwa Mujibu asubuhi, mchana na jioni. Alimwigiza anavyokaa, alimwigiza anavyoshika soda, alimwigiza akiinama kuokota paneli, na Kitinda alicheka hadi machozi siku ya kwanza. Siku ya pili alicheka kidogo. Siku ya tatu Dobi aliigiza tena ile ya kuinama, akageuka kuona kama inachekesha, akamkuta mdogo wake amechuchumaa juu ya beseni, anaosha vyombo, hamtazami.

"Vipi, umemhurumia?" Dobi akauliza. "Usiniambie umemkumbuka. Mwanamume ambaye hata kivuli chake anataka kibebwe."

"Dada, nipe hicho kikombe."

Dobi akampa kikombe alichokuwa amenywea. Kitinda akakiosha, akakipindua, akafuta mikono.

"Nikuulize kitu, na usikasirike," akasema.

"Uliza."

"Tangu tufike hapa, nani amepika?"

Dobi alitazama beseni.

"Nani amechota maji kule kwenye bomba? Nani ametandika kile kitanda? Kule nilikuwa nageuza paneli. Hapa nimegeuka paneli mwenyewe. Tofauti ni kwamba yeye huniita, wewe huniiti. Unakaa tu mpaka nione aibu ninyanyuke."

"Kitinda! Mimi na yule unatulinganisha?"

"Yule ananipa kazi. Wewe unanipa kazi halafu unanidharau kwa kuifanya. Unafikiri sioni? Uliposema kule 'umeme wako unatoka kwenye miguu yake', nilifurahi. Halafu nikakuona jinsi ulivyonitazama. Ulinitazama kama shuka chafu, Dada."

Upepo ulipita chini ya turubai. Dobi alitaka kusema neno. Alikuwa na maneno mengi, daima alikuwa nayo, yamepangwa kwenye rafu kama vikombe vyake. Lakini kila alilolishika alilikuta limeelekezwa kwa mtu mwingine: hili la madaktari, hili la shemeji, hili la wauguzi. La mdogo wake hakuwa nalo. Au alikuwa nalo, na ndilo lile ambalo Kitinda ameshaliona machoni mwake.

Alinyanyuka, akachukua ndoo, akaenda bombani. Palikuwa mbali kuliko alivyodhani. Alirudi akiwa amelowa miguu, amemwaga robo njiani, akaiweka ndoo chini. Kisha akapika. Alipika vibaya, chakula kilishika chini, kikanuka moshi.

"Kimeungua," Kitinda akasema baada ya kuonja.

"Naona."

"Chumvi pia hukutia."

"Kula au usile."

Kitinda akala. Wote wawili wakala, wakitafuna kwa bidii.

Jioni ile simu ililia. Alikuwa Kwa Mujibu, na Kitinda aliweka sauti ya wote kusikia. Alikuwa amerudi nyumbani tangu juzi. Aliuliza wako wapi, aliuliza kama wana maji, kisha akasema ile paneli inachosha, jamani. Mgongo wake umekatika. Siku moja tu ya kuigeuza peke yake na ngozi ya shingo imemtoka. Hakusema kwa mujibu wa nani.

"Pole," Kitinda akasema.

"Utarudi lini?"

"Nikitaka," akajibu, akakata simu. Kisha akageuka. "Kesho nataka, Dada. Unipeleke."

Dobi alikasirika, akajaribu kuficha. Alitarajia nini? Kwamba mdogo wake angeacha nyumba na wajukuu wake akae tanurini na dada mwenye mdomo? Lakini moyo hauna mizani. Alitaka kumwambia, basi nenda, mlango wa jela uko wazi. Alilimeza neno hilo, na lilikuwa kubwa kuliko yote aliyowahi kumeza.

"Tutaondoka asubuhi," akasema, "kabla ya joto."

Walifika mchana. Dobi aliegesha mbele ya nyumba, juani, ingawa upande wa pili wa barabara palikuwa na kivuli kizuri cha ukuta. Kwa Mujibu aliwafungulia mlango. Shingo yake ilikuwa nyekundu inachubuka, amejipaka kitu cheupe. Wakasalimiana kwa heshima zote, shemeji hujambo, sijambo shemeji, za safari, salama tu. Sebuleni, ile paneli ilikuwa imeegemezwa ukutani, imekunjwa, na juu yake zimewekwa magazeti. Kwa Mujibu akakaa kwenye kiti chake, Dobi akakaa kwenye kochi. Kitinda akatua mkoba, akavua viatu, akajitupa kwenye kiti cha tatu, akanyoosha miguu hadi kwenye stuli.

Wote walikuwa na kiu, na kila mmoja alijua.

"Mama watoto," Kwa Mujibu akaanza, "si ungetuletea chai kidogo?"

"Natamani sana chai," Kitinda akasema, macho ameyafumba. "Yangu usitie sukari nyingi."

Kwa Mujibu akageuka kumtazama Dobi, kana kwamba hili ni jambo la kulikatia rufaa. Dobi alikuwa ameanza kutabasamu, lile tabasamu lake la upande mmoja, alilokuwa analitunza kwa ajili ya shemeji huyu.

"Na wewe Dada," Kitinda akaendelea, bado amefumba macho, "msaidie. Peke yake atachoma nyumba."

Tabasamu likafa.

Wakanyanyuka, mmoja baada ya mwingine, wakaingia jikoni. Kwa Mujibu akafungua kabati moja, akakuta sabuni. Akafungua la pili, akakuta ngano. Akasimama katikati ya jiko lake mwenyewe, mikono inaning'inia.

"Shemeji," akanong'ona, "vikombe hukaa wapi?"

"Nyumba yako, unaniuliza mimi?"

"Wewe si mwanamke?"

"Na wewe si mkaguzi? Kagua!"

Walitazamana kwa chuki ya kweli, ya miaka mingi, isiyo na mzaha. Kutoka sebuleni Kitinda alikohoa. Dobi akageuka, akaanza kufungua makabati ya upande wake, na Kwa Mujibu akaendelea na ya upande wake, kila mmoja akiomba kimoyomoyo asiwe wa mwisho kuviona.